Karatasi ya Kumsomea Baba

Kansanga, Kampala
18 Januari 1976

Kwa Tajudin,

Salamu zangu zikufikie huko Pumwani wewe na mkeo Nusura. Sisi tupo. Halimah jirani anakusalimu. Ongom naye anakusalimu, bado anapanga herufi pale kwenye duka letu la uchapaji Wandegeya, na mashine ya Baba bado inapiga kelele zake ingawa wino siku hizi tunaupata kwa magendo. Sukari hatujaiona tangu Sikukuu ya Kuchinja. Hayo ndiyo mazuri.

Baba amevimba uso tena, na miguu ukiibonyeza shimo linabaki. Halafu kuna ukungu umeingia macho yote mawili. Dokta Ogwal anasema ni vile vidonge: vinalilinda figo na vinayala macho. Baba hawezi kusoma hata jina lake. Kwa hiyo barua zako zote nasoma mimi. Kuanzia sasa uandike karatasi mbili, moja ya kumsomea Baba, na nyingine yangu. Ya Baba iwe na maneno matamu unayoyajua wewe. Yangu usihangaike kuitia sukari.

Vidonge vimebaki vya wiki tano. Huku havipo hata kwa mafutamingi, wale matajiri wapya waliopewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa. Daktari amesema siku tatu bila dawa zinatosha: mwili utajua kwamba hilo figo si lake, utaanza kulipiga vita. Vinunue huko, umpe Erinayo, mpishi wa treni. Barua pia mpe yeye. Usitumie posta, wanasoma kabla yetu.

Ijumaa iliyopita Baba alisimama msikitini tena baada ya sala, akawaambia watu wamwombee kijana wake Tajudin aliyempa figo London, miaka sita sasa. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Niliitikia na mimi.

Dada yako,
Hajara


Pumwani, Nairobi
7 Februari 1976

Dada Hajara,

Assalaam aleykum. Nusura anakusalimu, na mimi pia, ingawa najua salamu zangu unazipokea kama mtu anayepokea noti bandia. Shule imefunguliwa, nina wanafunzi hamsini na wanne katika darasa la hesabu. Mvua bado.

Erinayo ana chupa mbili. Nimezifunga vizuri zisivunjike. Zitatosha mpaka Septemba.

Sasa niseme langu, kwa kuwa umeomba nisitie sukari. Figo ni lako. Sijawahi kukukana kwa hilo, si mbele yako. Lakini uongo pia ni wako. Mkalimani pale hospitalini ulikuwa wewe. Baba na Kiingereza hawajuani. Daktari alisema, wewe ukatafsiri ulichotaka. Mimi niliporudi siku ya kumi nilikuta umeshamwambia kwamba aliyetoa ni mimi. Ulitaka nifanye nini? Baba yuko nyuma ya kioo, amefungwa mipira, ananipungia mkono huku analia. Nilimpungia na mimi.

Tangu siku ile umenishikia uongo huo kama kamba ya mbuzi. Ukitaka navutwa. Ungependa kusema kweli ungeisema zamani. Hutaki. Unapenda kuumia na mtu akiwa anakutazama.

Ndugu yako,
Tajudin


Kansanga
2 Mei 1976

Tajudin,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi. Salamu. Mvua ya huku imebomoa ukuta wa choo. Halimah amepata mjukuu.

Nitakukumbusha, kwani naona Nairobi inasahaulisha. Damu zetu sisi wawili zote zilikubali. Baba alisema hapa nyumbani, mbele ya marehemu Mama, kwamba cha Hajara hakitaki, kwa kuwa nimeolewa juzi na nina kuzaa mbele yangu. Atachukua cha Tajudin. Ukasema, "Nipo, Baba." Asubuhi ya siku yenyewe muuguzi alikuja na nguo yako ya kijani akakuta kitanda kitupu. Baba alikuwa ameshachomwa sindano ya usingizi. Nilivaa mimi ile nguo. Wewe ungefanya nini? Loo, samahani, ulichofanya tunakijua.

Siku tisa nilimwambia muuguzi amwonyeshe Baba kwa ishara kwamba nina mafua, siruhusiwi kumkaribia. Siku ya kumi nilitembea nimeshika ukuta. Akaniuliza, "Taju anaumwa sana?" Ningemwambia nini mtu aliyeshonwa tumbo zima? Na niliporudi Kampala, mume wangu alikaa na mimi miezi minane, akasema hakuoa nusu mtu. Hilo nalo Baba hajui sababu yake. Anafikiri nina kisirani.

Sasa mambo mawili. La kwanza, Dokta Ogwal haonekani tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Gari lake bado lipo mbele ya kliniki, kioo kimeshushwa. Hatuulizi. Aliyebaki ni kijana anayesoma jalada la Baba kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

La pili, na hili ulishike: zile chupa za Februari ulizifunga kwa gazeti la Nairobi. Ukurasa una picha na maneno ambayo huku mtu haonekani nayo akalala kwake. Nimelichoma jikoni. Chupa zifunge kwa kitambaa, kwa pamba, kwa majani ya mgomba ukitaka. Si gazeti.

Baba anauliza utakuja lini. Anasema kabla macho hayajafungwa kabisa, au hata yakifungwa, anataka aweke mkono kwenye kovu lako akuombee dua. Njoo basi, Tajudin. Lete kovu.

Hajara


Pumwani
20 Juni 1976

Dada,

Salamu. Tangu Februari sijapata neno kutoka kwako. Kimya chako nakijua, si cha posta. Hata hivyo chupa mbili hizi hapa. Erinayo amehamishiwa treni ya Kisumu kwa muda, kwa hiyo anazileta mwenzake, atazipeleka dukani moja kwa moja. Nimezifunga kama zile za kwanza, vidonge visije vikapondeka.

Karatasi ya Baba iko ndani. Msomee polepole.

Tajudin


Kansanga
15 Agosti 1976

Tajudin,

Leo sina salamu.

Yule mwenzake Erinayo alileta chupa dukani mwisho wa Julai, baada ya mpaka na Kenya uliokuwa umefungwa kulegea. Mimi nilikuwa nimekwenda kupanga foleni ya sabuni. Baba alizipokea, akazipapasa, akasema, "Huyu mwanangu ana adabu, ona alivyofunga." Akaziweka kwenye droo ya meza na hilo gazeti lako.

Siku nne baadaye wakaja watu watatu wa miwani myeusi. Wanatafuta aliyechapa karatasi fulani za wanafunzi. Karatasi hizo hatukuchapa sisi, na hata wao nadhani walijua. Walipofungua droo wakaona gazeti. Ongom alikuwepo, ameniambia neno kwa neno.

"Mzee, unasoma gazeti la Nairobi?"

"Mwanangu, mimi sisomi hata jina langu."

"Nani anakusomea?"

Baba hakunitaja. Akasema, "Hakuna. Mimi nazijua habari kwa harufu." Wakacheka. Wakamtia kwenye buti la gari yeye mwenye miaka sitini na saba, na chupa mbili wakazichukua. Aliwaambia ni dawa. Mmoja alitupa kidonge mdomoni, akatema, akasema ni chungu.

Siku tano. Siku tano nzima, Tajudin. Nilikuwa naamka, nafagia pale pale nilipokwisha kufagia. Halimah aliacha wajukuu wake akaja kukaa na mimi. Siku ya sita askari mmoja anaitwa Opio alimleta kwa teksi. Baba alimchapia kadi za harusi mwaka sabini na tatu, naye akamtambua Baba kati ya watu waliolazwa chini. Opio hakutaka hata maji. Alisema, "Sijamleta mimi, mmesikia?" akaondoka.

Hawakumpiga sana. Lakini siku tano bila dawa. Sasa anakojoa kijiko. Usiku na mchana ana homa, na mahali figo lilipo pamekuwa pagumu kama embe bichi, ukigusa anauma meno.

Nilikuandikia Mei usifunge na gazeti. Ulisoma ukapuuza, au hukusoma? Chagua mwenyewe lipi ni dogo.

Nimemwomba akubali kupelekwa Nairobi, wana madaktari. Amekataa. Anasema ameshaishi, mtoto wa kiume amemfanyia baba wajibu wake, na mzigo ukishafika hauulizwi.

H.


Pumwani
5 Septemba 1976

Dada Hajara,

Nakuandikia kabla ya futari. Nusura ameniacha peke yangu chumbani.

Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe ishirini na tisa Julai. Ilikuwa imekaa kwa Erinayo Kisumu muda wote huo, hakupata safari ya Nairobi. Nilipoisoma chupa zilikuwa zimeshaondoka. Nilikimbia stesheni kama mwendawazimu kumtafuta yule mwenzake, nikaambiwa ameshavuka. Nakwambia hivyo si ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Chupa mbili nyingine ziko pamoja na barua hii, zimefungwa kwa pamba.

Umeniuliza miaka yote kwa nini niliondoka hospitalini, nami nimekujibu kwa ukali kila mara. Kitanda cha pembeni yangu alikuwepo kijana mmoja aliyetoa figo kwa kaka yake siku mbili kabla. Alfajiri ile alianza kukohoa, wakaja wakamzungushia pazia, wakatoka wakiwa wameacha pazia limefungwa. Nilivaa viatu. Sikuwaza Baba, sikukuwaza wewe. Nilikaa siku tisa chumbani kwa Mnubi mmoja aliyekuwa anasoma huko, nakula mkate wake. Nilijua utavaa ile nguo. Hilo ndilo sijawahi kulisema. Nilijua.

Na siji Kampala si kwa ajili ya askari. Nimekuwa nikiwasingizia. Siji kwa sababu Baba atataka kuweka mkono, na hapo pana ngozi tupu.

Karatasi ya Baba safari hii imeandikwa yote hayo. Usipunguze. Kama bado una mkono wa kuvuta ile kamba, ichane karatasi hiyo. Ukiichana nitajua ni nani kati yetu anayetaka uongo uendelee.

Tajudin


Kansanga
17 Oktoba 1976

Tajudin,

Salamu. Idi imepita, hatukuchinja. Ongom ameoa, ametuletea pilau kwenye kijungu.

Niliiweka karatasi yako chini ya godoro wiki mbili. Nilikuchukia kwa kuituma kuliko nilivyokuchukia kwa kutoroka. Wewe umeshatua, mimi ndiye nibebe mpaka masikioni kwake. Ukatubu kwa mdomo wangu!

Nilimsomea Alhamisi ya mwisho wa Septemba baada ya Alasiri, kibarazani. Sikupunguza. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Umesoma yaliyoandikwa, au umeongeza yako?"

"Sijaongeza, Baba."

"Na barua zote ulizonisomea nyuma, ulikuwa unapunguza?"

"Nilikuwa napunguza."

Halafu sauti ikatoka ambayo sikuijua anayo bado. "Nilikukataza! Nilisema cha Hajara sikitaki. Nilisema mbele ya mama yako. Nani alikupa ruhusa?"

"Ungekufa, Baba."

"Si ningekufa? Mtu hana haki ya kufa na neno lake? Mume wako yuko wapi?"

"Aliondoka."

"Watoto wako wako wapi?"

"Sina."

"Basi ni mimi niliyewala," akasema, akageukia ukutani.

Siku kumi na moja hakusema na mimi. Vidonge alivipokea kwa mkono wa Halimah tu, na uji wangu aliuacha ukapoa. Nilimfulia nguo za mkojo nikiwa nalia kwa hasira. Nilimwambia mlangoni, kwa sauti, asikie, "Hata figo langu linaniona mimi adui!"

Siku ya kumi na mbili Halimah akanijia jikoni. "Mzee anasema umtafutie tiketi ya Nairobi." Nikamuuliza kulikoni, si alikataa? Akasema, "Amesema alidhani ni cha mwanawe wa kiume, na mtoto wa kiume akimpa babaye kitu, kimekwisha. Lakini hiki ni amana ya mtu. Amana haiozi mikononi mwake."

Mimi wamenikatalia karatasi za kusafiri. Walisema atoke mmoja, abaki mmoja. Kwa hiyo Jumatano atapanda treni na Erinayo, ambaye amerudishwa njia hii, na barua hii anayo yeye. Nitampeleka stesheni mwenyewe. Wewe mpokee. Mtazame kinywani akimeza vidonge, ana tabia ya kuvificha shavuni. Maziwa hapewi. Ukimwona anajikuna sana, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje akuombe.

Simkabidhi kwako kwa kuwa nakuamini. Namkabidhi kwa kuwa sina mwingine.

Hajara

Jumatano. Naongezea hapa stesheni, kwa kalamu ya Erinayo. Ameketi dirishani, ameniita. Nilidhani ni kuaga. Akasema, "Ulinifanya mwizi, Hajara." Nikamwambia, "Basi nishtaki." Akasema, "Kwa nani? Mahakimu wamekwisha." Halafu akacheka kidogo, au alikohoa. Injini inapiga kelele, sikusikia sawasawa.


Pumwani
29 Novemba 1976

Dada Hajara,

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Simu ya upepo niliyotuma Jumamosi natumaini imefika, na kama haikufika unisamehe kwa kuisikia hivi. Baba ametutoka Ijumaa tarehe ishirini na sita, baada ya sala ya Alfajiri. Tulimzika jioni ile ile, makaburi ya Waislamu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Nusura alipika.

Nitakueleza ilivyokuwa, bila kupunguza.

Siku tisa za kwanza hakunisemesha. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamshika akienda chooni, na alinitii kama mtu anayemtii askari. Nilimwambia daktari achukue figo langu, nimeshaleta nguo zangu, naingia wodini leo. Daktari alisema vipimo vitachukua wiki tatu. Nilipomweleza Baba, ndipo akanijibu kwa mara ya kwanza.

"La kwako nililingoja mwaka wa sabini. Sasa sina nafasi."

"Baba, nimeshakubali."

"Wewe umekubali. Mimi sijakubali. Safari hii nataka nisikilizwe."

Nilipiga magoti, Hajara. Akaniwekea mkono kichwani, si kwa dua. Alinisukuma ili nimwachie shuka.

Walimwongezea dawa kwa sindano, na figo likashtuka. Wiki mbili lilifanya kazi mpaka madaktari wakaitana kuja kuona. Kila asubuhi muuguzi, binti mmoja anaitwa Teresa, alipokuja kupima mkojo kwenye chupa, Baba alikuwa anamuuliza, "Hajara ameamkaje leo?" Teresa alidhani anaulizia mgonjwa wa wodi nyingine. Akanijia korido kuniuliza Hajara ni nani, kitanda namba ngapi. Nilimwambia ndiye anayempima. Kuanzia hapo akawa anamjibu, "Ameamka vizuri, mzee, mililita mia saba." Au mia nne. Na Baba anasema, "Mwache apumzike, jana alifanya kazi sana."

Jina langu alilitaja akitaka maji.

Alhamisi chupa ilikuwa na kidogo tu, rangi ya chai ya rangi. Teresa alisimama akiigeuza kwenye mwanga. Baba akasema, "Usiogope, binti. Hajara amechoka. Nimemtumikisha miaka sita." Asubuhi nilipomgeuza kumwelekeza kibla alikuwa hai bado. Nilipomlaza hakuwa hai.

Alikuachia neno. Nililiomba, hakunipa kwa hiari. Alisema: "Mwambie nilimkasirikia kwa sababu hakuna wa kumlipa. Kama yupo, si mimi." Akaniuliza nimeshika. Nikamwambia nimeshika. Akaniamuru nilirudie mara tatu kama mtoto wa madrasa.

Sitaki kukuomba kitu. Kuna kofia yake, miwani, na ile suti ya London. Niambie nizifanyie nini.

Tajudin


Kansanga
14 Desemba 1976

Tajudin,

Simu haikufika. Barua yako ameileta Erinayo mkononi. Alisimama mlangoni amevua kofia kabla sijaichukua, kwa hiyo nilijua.

Nimeisoma peke yangu. Kisha Halimah akataka nimsomee, nikamsomea, nayo ndiyo barua ya pili ya kwako niliyosoma yote kwa sauti bila kuruka mstari. Ongom amefunga mashine siku tatu. Nilikwenda kumwambia aifungue, watu wana kadi zao, nikamkuta anaifuta mafuta huku analia, nikarudi nyumbani.

Sijakusamehe. Usije ukafikiri mtu kumwogesha baba yake wiki tano kunamfutia hayo mengine. Dokta Ogwal angekuwepo, labda. Gazeti lisingekuwepo, labda. Ungevaa nguo yako ya kijani, mimi ningekuwa na mtoto wa miaka mitano anayenisumbua nikiandika hapa. Hayo nitakuambia uso kwa uso, tena nitayasema kwa sauti kubwa, na utakaa usikilize mpaka nimalize. Karatasi hainitoshi tena.

Kofia mpe maskini. Miwani pia. Suti uje nayo.

Hitima ya arobaini tunaisoma hapa nyumbani Jumatano tarehe tano Januari. Erinayo anasema mwezi huu njia imetulia, ila ushuke stesheni mchana, usizubae mjini, uje Kansanga moja kwa moja. Usilete gazeti.

Halimah atakupikia. Mimi sitakupikia. Kitanda nimekitandika.

Dada yako,
Hajara